Ivushayo ni Mbovu: Tusikidharau Kipakatalishi cha Bei Nafuu

Nina jambo. Jambo lenyewe limenikaa kooni mithili ya mwiba wa samaki tangu likizo ya Agosti, nami nimeona heri niliteme hapa ukumbini kabla halijanipalia.

Kuna ugonjwa umetuingia sisi wanafunzi. Ukienda bwenini usiku taa zikishazimwa, husikii tena watu wakitegeana vitendawili. Utasikia, "Mse, yako ina kadi gani?" Mwingine ajibu, "Yangu inapiga gemu zote bila kukwama!" Na wa tatu, ambaye mara nyingi huwa ni mimi ninayesemwa, aambiwe, "Hiyo yako ni jiwe la kusagia mahindi, kaitupe!" Likizo ikifika, mtu anakwenda nyumbani kumng'ang'ania mzazi kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Anataka kipakatalishi cha gemu, chenye taa nyekundu chini ya herufi, cha bei inayotosha karo ya mwaka mzima. Sababu anayoitoa? Ati ni cha masomo!

Mimi nasema, na nitasema hata nikizomewa: wengi wetu hatuhitaji mashine nyingine. Hatujaijua hata hii tuliyo nayo. Na wauzaji nao, wacha niwaguse kidogo, wanatuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Hebu niwasimulie yaliyonipata. Mama yangu huuza mboga. Zamu yake ya chama ilipofika mwezi wa Aprili, alipokea shilingi 24,000. Pesa hizo alikuwa amezipangia mabati ya jikoni, maana mvua ikinyesha sisi hupika tukiwa tumeshika sufuria ya kukingia maji. Lakini mimi nasoma somo la tarakilishi, na kila likizo nilikuwa nikiomba kuazima mashine ya binamu yangu hadi nikaona haya. Mama akasema mabati yatangoja. Tukapanda matatu hadi mjini.

Muuzaji alikuwa kijana mtanashati mwenye maneno matamu kuliko halua. "Karibu mama! Huyu ni kijana wa shule? Basi mashine yake ndiyo hii. Imetoka ng'ambo, imetumika ofisini tu. Core i5, RAM GB 8, na michoro GB 4!" Juu ya mfuniko palikuwa na karatasi ya manjano iliyoandikwa maneno hayo hayo kwa kalamu nene. Kisha akaniinamia na kuninong'oneza, "Itacheza gemu zote, kijana yangu." Mama hakusikia hilo la gemu. Mimi nililisikia vizuri sana. Tukalipa shilingi 21,500, tukanunua mkate, tukarudi.

Usiku huo nilifungua Minecraft. Kwa wasiojua, huo ni mchezo uliotoka rasmi mwaka wa 2011, unaojengwa kwa matofali tu. Hauna magari ya kung'aa wala nyuso za watu halisi. Nikasema, kama itashindwa na matofali, itaweza nini? Bwana wee! Nilipogeuza kichwa cha mchezaji wangu kutazama kando, dunia ilinifuata polepole kama mzee anayeitwa kutoka usingizini. Mchezo wenyewe una namna ya kukuonyesha idadi ya picha zinazochorwa kwa kila sekunde ukibonyeza F3. Nilibonyeza. Picha 23! Macho yetu huanza kuridhika zikifika 30 hivi, na 60 ndizo kila mtu anazitamani. Ile kadi ya GB 4 ilikuwa wapi?

Jibu nililipata baada ya siku nyingi za kuuliza na kusoma, na ndilo linalonifanya nishike kalamu. Kadi haikuwako. Haijawahi kuwako.

Mashine za gharama kubwa huwa na kadi ya michoro inayojitegemea, yenye kumbukumbu yake binafsi. Mashine zetu za bei nafuu hazina kitu kama hicho. Sehemu ya kuchora imepachikwa ndani ya prosesa yenyewe. Yangu ni Core i5-6200U, ambayo Intel waliitoa mwaka wa 2015, na sehemu yake ya michoro inaitwa HD Graphics 520. Mpangaji huyo hana ghala lake. Akitaka mahali pa kuweka picha anazochora, anaazima kutoka RAM ile ile inayotumiwa na prosesa. Windows humruhusu aazime mpaka karibu nusu ya RAM yote. Una GB 8? Atasomeka kwamba ana GB 4. Una GB 16? Atasomeka ana GB 8! Sasa mwaona wenyewe ujanja ulipo. Muuzaji alitazama idadi ile ya kuazima, akaichukua, akaiandika kwenye karatasi ya manjano kana kwamba ni mali. Ni kama mtu kukuambia nyumba ina matangi mawili ya maji, kumbe tangi la pili ni nusu ya lile la kwanza.

Je, alidanganya? Yeye atakwambia la, kiwambo kimeandika hivyo. Mimi naita huo udanganyifu, na wala sitafuni maneno. Mama aliamini alinunua kitu ambacho hakikuwamo sandukuni.

Nakiri kwamba hapo nilikata tamaa. Nilikaa siku nzima nikitafuta maneno ya kumwambia mama tuiuze mashine ile kwa hasara, tuongeze pesa, tutafute yenye kadi. Nilimkuta jikoni akisogeza jiko kutoka mahali panapovuja. Maneno yote yakanitoka kichwani. Nikamsaidia kusogeza jiko, na nikajiambia nitapambana na mashine ile ile.

Msaada ulitoka kwa fundi mmoja wa simu na tarakilishi pale sokoni kwetu, mzee wa makamo ambaye watoto humwita Guka ingawa hajafika umri huo. Nilimwendea nikitaka aniongezee RAM. Akanitazama, akauliza, "Hii yako ina vipande vingapi?" Nikasema GB 8. "Sijauliza ngapi, nimeuliza vipande vingapi." Sikujua. Akafungua mfuniko wa chini. Nafasi zilikuwa mbili, kipande kimoja tu cha GB 8, na nafasi ya pili imejaa vumbi.

Hapa ndugu msomaji naomba utulie kidogo, maana hesabu yenyewe ni tamu. RAM ya aina ya DDR4 iliyo katika mashine yangu hufanya safari milioni 2,133 kwa sekunde, na kila safari hubeba baiti 8. Zidisha. Utapata karibu GB 17 kwa sekunde. Hiyo ni barabara moja. Ukiweka vipande viwili vinavyolingana, zinakuwa barabara mbili zinazotumika kwa pamoja, yaani karibu GB 34. Kwa kuandika insha, tofauti hiyo huwezi kuihisi. Kwa sehemu ya michoro isiyo na ghala lake, hiyo ni tofauti ya kula na kulala njaa, kwa sababu kila nukta ya kila picha lazima ipite barabarani humo, ikigombea nafasi na kazi nyingine zote za prosesa. Mkitaka kujua wenye kadi wanaishije, kadi ya GeForce GTX 1050 ya mwaka wa 2016, ambayo hata siyo ya matajiri, ina barabara ya GB 112 kwa sekunde, na ni yake peke yake. Ndiyo maana hatulingani nao, wala tusijidanganye.

Guka akaniambia, "Usiongeze. Badilisha. Nipe kipande chako cha 8, nikupe viwili vya 4." Kwake kipande kimoja kikubwa kilikuwa na wateja zaidi, na kwangu viwili vidogo vilikuwa dawa. Nilimlipa shilingi 300 za kazi ya mikono. RAM ikabaki ni GB 8 zile zile! Nikarudi nyumbani mbio, nikafungua Minecraft mahali pale pale, nikatazama upande ule ule, nikabonyeza F3. Picha 32. Kutoka 23 hadi 32 kwa shilingi 300, na mama hakuombwa hata ndururu. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kama ni bao la Gor.

Kwa hiyo kabla hujaenda kumsumbua mzazi, fanya hivi: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda penye utendaji wa mashine, tazama sehemu ya kumbukumbu. Utaona imeandikwa nafasi ngapi zimetumika. Ukiona 1 kati ya 2, wewe unatembea kwa mguu mmoja. Ila kuna mashine nyingine, hasa zile nyembamba, ambazo RAM yake imechomewa moja kwa moja kwenye bodi au zina nafasi moja tu. Hao ndugu zetu hawana la kubadilisha, na si haki kuwacheka.

Baada ya hapo nilianza kupunguza. Watu wengi huona aibu kupunguza setingi, kana kwamba ni kukubali umaskini. Mimi naona ni akili. Kiwambo changu ni nukta 1366 kwa 768, yaani zaidi ya nukta milioni moja za kupaka rangi kila picha. Nililivuta dirisha la mchezo likawa 960 kwa 540. Nukta zikashuka hadi 518,400, chini ya nusu. Mchezo ukawa mdogo, naam, lakini ukatembea. Na msidhani huo ni ujanja wa maskini wa leo. Doom, mchezo ulioweka misingi ya michezo ya aina yake, ulitoka Desemba 1993 wakati tarakilishi za nyumbani hazikuwa na kadi za kuchora michezo kama za leo. Waliouunda, akiwemo John Carmack, waliwawekea wachezaji vitufe vya kulipunguza dirisha na namna ya kuchora kwa nukta nene ili mashine dhaifu zimudu. Hawakuwaambia watu wakanunue nyingine.

Kisha kuna umbali wa kuona. Minecraft hupima umbali huo kwa vipande vya ardhi. Mimi nilikuwa nimeuacha kwenye 12. Hapo mchezo hushughulika na vipande 25 kwa 25, jumla 625. Nikaurudisha hadi 6, vikawa 13 kwa 13, jumla 169. Umbali umepungua nusu, kazi imepungua karibu mara nne! Mwalimu wa hesabu alipotufundisha eneo la mraba sikuwahi kulifurahia namna hiyo. Nikaongeza programu ya nyongeza iitwayo Sodium, ambayo ni ya bure na imeundwa kwa ajili ya kurahisisha uchoraji wenyewe. Picha zikapita 60. Kwenye jiwe la kusagia mahindi!

Halafu joto. Prosesa yangu na sehemu yake ya michoro vimetengewa wati 15 kwa pamoja, robo ya balbu ya zamani ya wati 60. Mkate ni mmoja na wenye njaa ni wawili. Mashine ikipata joto mno, inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Nilikuwa nikicheza kitandani, mashine juu ya blanketi, matundu yake ya kupumulia yameziba kabisa. Baada ya dakika kumi inaanza kusinzia, nami nailaumu kadi. Sasa naiweka juu ya meza, nimeisafisha vumbi kwa brashi, na nimechomeka waya wa stima, kwa kuwa ikitumia betri hujibana matumizi. Hayo hayanigharimu kitu.

Jihadharini na jambo moja. Kuna programu zinazotangazwa ati zinaongeza kasi ya gemu kwa kubonyeza mara moja. Rafiki yangu mmoja aliipakua, ikamjazia kiwambo matangazo hata akashindwa kufungua kazi yake ya shule. Hakuna programu inayoweza kuzaa kadi ambayo haimo.

Najua walimu wetu wanasoma ukurasa huu, na nawaona wengine wakitikisa kichwa. Mtasema, kijana huyu angetumia muda huo kwa Kemia. Mna haki. Wiki moja nzima ya Agosti ilipotea, na alama zangu za Kemia muhula wa tatu ulipoanza hazikuwa za kujivunia, sitazitaja hapa. Gemu zinakula muda kama mchwa, nimejionea. Lakini naomba nami nisikilizwe. Katika somo la tarakilishi tuliimba "RAM ni kumbukumbu ya muda" tangu kidato cha kwanza, na hakuna kati yetu aliyejua nafasi za RAM katika mashine yake ni ngapi. Nilijifunza kwa sababu kulikuwa na kitu nilichokitaka sana na mashine ikakataa kunipa. Mwenye kadi kubwa hafungui setingi. Atafungua kwa sababu gani?

Wahenga waliamba, ivushayo ni mbovu. Ngalawa ile unayoicheka kwa matundu yake ndiyo iliyokuvusha. Lakini hawakusema ngalawa mbovu itakufikisha kila bandari, na hapa nitawaudhi hata wenzangu wenye mashine dhaifu. Kuna gemu ambazo hatutazicheza. Si kesho, si mwakani. Zile kubwa za miaka hii ya karibuni zimetengenezwa kwa ajili ya mashine zenye nguvu mara nyingi kuliko zetu, na hata ukipunguza dirisha likawa kama stempu hazitatembea. Achana nazo kwa roho safi. Ipo PES 2017, ambayo kwangu inatembea vizuri nikiiweka kwenye ubora wa chini. Ipo Stardew Valley ya mwaka wa 2016, aliyoitengeneza mtu mmoja, Eric Barone, na ni ya kulima shamba. Mama aliipenda akaniuliza kwa nini mahindi yangu ya kweli siyapalilii hivyo. Sikuwa na jibu. Ipo pia Aurion, iliyotoka mwaka huo huo wa 2016, kazi ya vijana wa Kiro'o Games huko Kamerun, yenye hadithi ya Kiafrika iliyochorwa kwa mkono.

Kuna jingine muuzaji hakulisema. Microsoft walimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha sita kama yangu hazimo katika orodha yao ya zinazokubaliwa na Windows 11. Mashine yenyewe haijafa, hata Linux itaingia bila malipo. Lakini mzazi anayetoa pesa za chama anastahili kuambiwa hilo kabla hajalipa.

Hilo la kuambiwa ndilo lililonirudisha dukani. Mwishoni mwa likizo nilitumwa mjini, nikapita pale. Sikwenda kudai pesa. Nilitaka tu kumwambia yule kijana aiondoe ile karatasi ya manjano, au aandike kwamba GB 4 ni za kuazima. Akacheka. "Kijana, wateja hawaulizi mambo hayo."

Kumbe nyuma yangu alikuwa amesimama mama mmoja na binti yake aliyevaa sare ya shule nisiyoijua. Mkononi binti alishika mashine ya aina ile ile, karatasi ile ile juu yake. Moyo ulinidunda. Mimi si mtu wa kuingilia biashara za watu. Lakini nilikumbuka jikoni kwetu.

"Samahani mama," nikasema, "muulize hizo GB 4 za michoro ni za kadi ama ni za kuazima kwa RAM. Na muulize RAM iko kwa vipande vingapi."

Muuzaji alinitazama jicho ambalo lingekausha nguo. Yule mama naye akanitazama, kisha akamgeukia. Hakuelewa neno hata moja, nina hakika, lakini aliyarudia vile vile nilivyoyasema, polepole, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua.

Kijana akakuna kichwa. "Ni za... kushirikiana, mama. Lakini mashine ni nzuri."

"Na vipande?"

Ikabidi atafute bisibisi. Kipande kilikuwa kimoja. Akaongeza cha pili, akapunguza na shilingi 1,500 juu yake, huku akinung'unika kwamba wanafunzi wa siku hizi wamekosa adabu. Binti akanikonyeza. Mama yake akaanza kuhesabu noti kutoka kwenye leso.

Nilipotoka, mashine nyingine tatu zilikuwa zingali dirishani, kila moja na karatasi yake ya manjano.